Ufa Chini ya Rangi ya Fedha

Marehemu alilazwa juu ya gunia katika stoo ya maabara, akiwa vipande viwili. Enzi za uhai wake alikuwa kengele ya shule: wa shaba, mzito kama ndama, mwenye mdomo mpana kuliko wa kaka mkuu. Alifariki jana alfajiri akiwa kazini, kwa pigo moja la nyundo, na shule nzima ikachelewa chai.

Kamishna alipiga goti kando yake. Cheo hicho hakupewa na jeshi lolote la polisi. Alipewa na bweni la wasichana, siku alipomnasa mwizi wa sabuni kwa kumnusa tu. Lakini kesi ya leo haikuwa ya sabuni. Aliyepiga nyundo ile alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, mpiga kengele wa muhula huu. Makamu wa mkuu wa shule alikuwa ameshatoa hukumu gwarideni: kijana ameivunja kengele kwa makusudi, na atafukuzwa leo kabla ya chakula cha mchana. Shangazi alikuwa ameshapigiwa simu, ameshafika, na sasa alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi akisubiri kukabidhiwa mwanawe kama mzigo uliokataliwa.

"Makamu alisema asiiguse mtu," Redio alinong'ona mlangoni. Redio alikuwa rafiki yake, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona swichi yake ya kuzimia.

"Siigusi. Naitazama kwa ukaribu."

"Umeishika kwa mikono miwili!"

"Mikono inatazama pia. Lete lenzi."

Redio aliguna, akaleta lenzi ya maabara. Kamishna aliinamisha kipande kidogo kuelekea dirishani. Kwa nje kengele iling'aa rangi ya fedha, rangi iliyopakwa muhula uliopita wakaguzi walipotarajiwa, siku ambayo hata mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Kwa ndani, pale ilipovunjikia, kulikuwa na habari nyingine kabisa. Sehemu ya juu ya mvunjiko, upana wa vidole viwili, ilikuwa safi na ya dhahabu, yenye chembechembe za kumetameta. Sehemu yote ya chini, mpaka kwenye mdomo, ilikuwa imefifia, ya kahawia iliyokaribia weusi, na imeshikwa na kitu cha kijivu kilichokauka.

"Redio. Ukivunja kikombe sasa hivi, ndani kinakuwaje?"

"Kisafi."

"Na huyu je?"

Redio alisogea. "Huyu ana ukoko."

"Huyu aliumia zamani. Jana alimalizikia tu."

Redio alifungua kinywa, akakifunga, jambo lililokuwa la kihistoria. Kisha akakifungua tena. "Lakini Makamu atasema huo ukoko ni uchafu tu. Au atasema binamu yako ndiye aliyeutia."

"Atasema. Ndiyo maana hatuendi kwake na ukoko. Tunakwenda kwake na jina la ukoko."

Alichukua wembe, akakwangua kile kijivu kikaanguka juu ya karatasi. Ndipo akaona jambo lililomfanya asogeze lenzi mpaka pua ikagusa shaba. Ukingoni mwa ufa, rangi ya fedha haikuishia nje. Ilikuwa imeingia ndani kidogo, ikalala juu ya kile kijivu.

Kijivu chini, fedha juu. Alihifadhi jambo hilo kichwani, akafunga karatasi, akasimama.

"Kwanza mshtakiwa," alisema.

Mshtakiwa alikuwa amefungiwa katika chumba cha ramani, akilindwa na kiranja aliyekuwa amelala fofofo kwenye kiti. Kamishna alimpita kwa heshima zote anazostahili mtu aliye usingizini. Binamu yake alikuwa amekaa juu ya meza, miguu ikining'inia, macho mekundu, kidevu juu.

"Umeleta mkate?"

"Nimeleta maswali. Ulisema juzi bwenini kwamba utaivunja kengele. Kweli au uongo?"

"Kweli. Kila mtu husema hivyo. Hata wewe ulisema utaila."

"Sikuonekana na nyundo mkononi. Kwa nini unapiga kwa nyundo ya chuma? Kengele hupigwa kwa rungu la mti."

"Rungu lilikuwepo zamani. Nilipokabidhiwa kazi mwanzoni mwa muhula nilikabidhiwa nyundo. Niliambiwa ni agizo. Piga kwa chuma, isikike mpaka uwanjani."

"Agizo la nani?"

"Kuna wangapi wanaotoa maagizo hapa?"

"Na ilikuwa inasikika?"

Binamu alicheka bila furaha. "Unajua ilivyolia. Kama sufuria yenye mafua. Nusu ya shule haiamki, wanapelekwa kufyeka nyasi kwa kuchelewa, halafu mimi naitwa mvivu wa kupiga. Juzi nilifyekeshwa na mimi. Jana nikapiga kwa nguvu zangu zote ili wasikie. Ndiyo, nilipiga kwa nguvu! Hiyo ndiyo kazi ya kengele, kupigwa!"

"Makamu amekuta mshumaa kwenye kabati lako."

"Nasomea. Umeme ukikatika nisome kwa meno yangu?"

"Umewahi kuuyeyusha ukatia nta kwenye kengele?"

"Kamishna," binamu alisema taratibu, "mama yangu yuko nje pale?"

"Yuko."

"Analia?"

"Shangazi? Amemuuliza karani kama benchi lile hufutwa, kisha akalifuta mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza mshtakiwa alitabasamu. "Basi sitalia mimi. Na barua ya kukiri kosa waliyoniletea sitii saini. Nenda kawaambie."

Maabara ilikuwa chini ya himaya ya Mama Maabara, mwanamke mrefu aliyefundisha kemia na kutunza chupa zake kuliko watu wengi wanavyotunza meno. Aliwatazama wawili hawa wakiingia na karatasi iliyokunjwa.

"Nyie hamna kipindi?"

"Tuna kesi, Mwalimu," Kamishna alijibu. "Tunaomba betri, balbu, nyaya mbili, taa ya moto na msamaha wa mapema."

Mama Maabara alivua miwani. "Ni ya kengele?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Makamu anajua?"

"Atajua kabla ya chakula cha mchana."

Mama Maabara aliyafikiria maneno hayo, akavaa miwani, akawasogezea betri. "Mimi nasahihisha madaftari. Sioni mbali. Lakini mkibahatisha nitawafukuza. Kila jaribio mtaniambia mnatafuta nini kabla hamjalifanya."

Kamishna alikifungua kile kikaratasi. Unga na vigamba vya kijivu vilikaa katikati, vikinyamaza kama mhalifu mzoefu.

"Huyu ndiye mtuhumiwa," alitangaza. "Amejificha ndani ya ufa. Anajifanya shaba lakini si shaba. Anaweza kuwa mmoja wa wanne. Risasi ya kuchomelea, plasta ya jasi, nta au gundi. Tutamhoji mpaka ataje ukoo wake."

"Anza na risasi," Mama Maabara alisema bila kuinua kichwa. "Ingekuwa risasi?"

"Ingekuwa metali, Mwalimu. Atomi za metali zimeachia elektroni zao zizurure, hazina mwenyewe. Kwa hiyo umeme ungepita, na balbu ingewaka."

Redio alishika kigamba kikubwa kwa koleo. Kamishna aligusisha nyaya kwanza kwenye msumari: balbu ikawaka. Kisha kwenye kigamba, upande huu, upande ule. Balbu haikushtuka hata kidogo.

"Si metali," Redio alisema. "Huyu elektroni zake kazikumbatia kama bahili."

"Plasta sasa," Kamishna alisema. "Hiyo ni chumvi kwa ukoo. Ayoni chanya na hasi, zimepangana kwa zamu kwenye fuwele. Ngumu, lakini ukiisukuma safu moja hatua moja tu, chanya inakutana uso kwa uso na chanya, hasi na hasi, zinakataana, jengo zima linapasuka. Nikikigonga kigamba kitasagika kama chaki."

Alikigonga kwa kitako cha kisu. Hakikusagika. Alikigonga tena, kikarusha kisu pembeni kwa dharau. Alikipinda kwa koleo, kikapinda kidogo, kikarudi.

"Kaidi," Redio alisema.

"Wamebaki wawili. Nta na gundi." Kamishna alikiweka kigamba chini taratibu, maana hapa ndipo mshumaa wa binamu yake ulipokuwa ukingoja. "Mwalimu, zote mbili ni kovalenti. Atomi zinagawana elektroni, jozi kwa jozi, kwa mshiko mkali. Lakini nta ni molekuli moja moja. Ndani ya molekuli mshiko ni mkali. Kati ya molekuli na molekuli ni salamu tu. Joto kidogo linatosha kuzitenganisha. Itayeyuka."

"Na ikiyeyuka?" Mama Maabara aliuliza. Sasa kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Ikiyeyuka, binamu yangu ana la kujibu, na nitakuwa wa kwanza kumuuliza."

Redio alimkazia macho. "We! Utasema?"

"Nitasema. Mpelelezi anayechagua majibu ni wakili. Washa."

Walikiweka kigamba kwenye kijiko cha chuma juu ya moto. Kando yake Redio aliweka kipande cha mshumaa kwa ajili ya kulinganisha. Mshumaa ulijilegeza mara moja, ukawa maji ya kung'aa. Kigamba kilikaa. Kikabadilika rangi pembezoni, kikawa kahawia, kikafuka moshi uliowakuna koo wote, kikawa cheusi kabisa. Hakikutoa hata tone.

Redio alikohoa kwa ushindi. "Kimekufa bila kuyeyuka!"

"Kwa nini?" Mama Maabara alisema. Alikuwa amesimama nyuma yao, mkono puani.

"Kwa sababu hakina molekuli za kuachana. Ni wavu mmoja. Gundi ya mirija miwili, Mwalimu. Mrija mmoja peke yake ni ute, wa pili ni ute. Ukichanganya, molekuli zake zinafungana kwa bondi za kovalenti pande zote, juu, chini, kushoto, kulia, mpaka tone lote linakuwa kama molekuli moja. Baada ya hapo haliyeyuki tena. Linaungua tu."

"Na gundi hiyo iko wapi hapa shuleni?"

"Wanafunzi hatuna," Redio alisema. "Ingekuwepo ningekuwa nimeshamgundisha mtu kwenye kiti."

Mama Maabara alizima moto, akafungua dirisha. "Iko moja," alisema. "Makamu aliniomba muhula uliopita. Hajairudisha." Akavuta kiti chake, akaketi, akachukua kalamu. "Nimewaambia kuwa sioni mbali. Lakini niliyoyaona karibu nitayasema nikiulizwa. Nendeni."

Ofisini walikuwapo watano kabla Kamishna hajabisha hodi: Mkuu wa Shule, mama mnene mtulivu nyuma ya meza kubwa, Makamu wake, aliyesimama dirishani na kikombe cha chai, binamu, kiranja aliyeamka na kumleta, na Shangazi, aliyeketi wima kama rula.

"Shikamoo Mkuu, shikamoo Makamu. Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Shangazi. Wengine waliitikia kwa kichwa.

"Hujaitwa," Makamu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimekuja bila kuitwa kwa sababu hakuna kengele."

Kiranja alikohoa kuzuia kicheko. Mkuu wa Shule alimtazama binti huyo kwa muda. "Sema. Kwa kifupi."

Kamishna aliweka kipande kidogo cha kengele juu ya meza. Makamu aliruka kama aliyeona nyoka.

"Nani amekuruhusu kuchukua kielelezo?"

"Hakuna, Mwalimu. Adhabu yangu nitaipokea. Nyasi za nyuma ya jiko zinanifahamu. Lakini kwanza naomba Mkuu atazame hapa."

"Upuuzi!" Makamu alimgeukia Mkuu. "Mimi nilisomea ufundi. Metali haivunjiki ovyo. Inapinda, inabonyea. Ili ivunjike vipande viwili lazima mtu aishambulie kwa nia mbaya."

"Makamu anasema kweli kuhusu shaba tupu," Kamishna alisema. Alitoa waya wa shaba mfukoni, akaupinda, akaunyoosha, akaupinda tena. "Atomi zake zimepangana kwa safu, na safu zinateleza moja juu ya nyingine, elektroni zinazozurura zikiendelea kuzishikilia. Haina kinyongo. Lakini kengele si shaba tupu. Imechanganywa na bati ili ilie vizuri. Atomi za bati ni nene zaidi, zimejibana katikati ya safu, haziruhusu safu kuteleza. Sauti tamu, moyo mgumu. Ndiyo maana kengele kama hii hupigwa kwa mti. Ukiipiga kwa chuma kila siku, hainyumbuki. Inapasuka."

"Kwa hiyo huyu aliipasua!"

"Ilipasuka kabla hajaishika. Tazama, Mkuu. Pale juu pameng'aa, pamevunjika jana. Huku chini pamekuwa peusi, ni ufa wa zamani. Ndani ya ufa kuna gundi. Juu ya gundi kuna rangi ya fedha. Kengele ilipakwa rangi lini?"

Mkuu alikuwa ameshavaa miwani. "Kabla ya wakaguzi. Muhula uliopita."

"Na binamu yangu alikabidhiwa nyundo lini?"

"Muhula huu," alisema kiranja, ambaye hakuwa ameulizwa. Kisha akatazama dari.

Binamu alikuwa anatazama kipande kile kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

"Hiyo si gundi," Makamu alisema. "Ni nta. Mshumaa umekutwa kabatini mwake."

"Nta inayeyuka. Hii imeungua. Kijiko kiko maabara, na Mama Maabara ameona."

"Basi ni gundi ya mafundi wa rangi! Mimi sijawahi hata kuishika gundi ya namna hiyo."

Aliinua kikombe anywe, pengine ili mdomo upate kazi nyingine. Kamishna alikitazama tu kile kikombe. Redio, aliyekuwa amejipenyeza mlangoni, alikitazama. Kiranja alikitazama. Hatimaye Mkuu wa Shule naye alikitazama. Kilikuwa kikombe kizuri cheupe cha udongo, na mkono wake wa kushikia ulikuwa umewahi kukatika mara mbili. Katika kila unganisho ulizungukwa na mstari mnene wa kijivu.

"Nipe hicho kikombe, Mwalimu," Mkuu alisema.

"Nina chai, Mkuu."

"Mwaga."

Hakumwaga. Alikishusha taratibu juu ya meza, karibu na kipande cha kengele. Kijivu na kijivu vilitazamana. Mkuu alipitisha ukucha kwenye kimoja, kisha kwenye kingine.

"Rungu la mti liliondolewa na nani?" aliuliza.

"Kengele haikuwa inasikika mpaka uwanjani," Makamu alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Nilisema wapige kwa chuma. Ikatoa mlio mbaya. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki ile, Mkuu. Nilifikiri nikiziba, na rangi juu..."

"Na nilikuuliza jana, hapahapa. Ukasema ilikuwa nzima."

Makamu alikitazama kikombe chake.

Mkuu alikunja karatasi ya kufukuzwa, akaichana mara mbili, akaitupa. Kisha akamgeukia Shangazi kwa sauti ya upole. "Mama, samahani sana kwa usumbufu. Kijana atabaki. Nitakuandikia barua ya kueleza yote, utaipata nyumbani."

"Barua sitaki," Shangazi alisema.

Mkuu alisita. "Unasema?"

"Mwanangu aliitwa mharibifu gwarideni, mbele ya watoto wote. Atasafishwa gwarideni, mbele ya watoto wote, na mdomo uleule. Mimi sina haraka. Benchi nimeshalifuta."

"Mama, haya mambo ya ndani tunaweza..."

"Yalikuwa ya nje yalipokuwa yake. Yasigeuke kuwa ya ndani sasa."

Kamishna alitazama viatu vyake kwa unyenyekevu mkubwa, maana uso ulikuwa umeanza kumsaliti. Mkuu wa Shule alimtazama Shangazi, akamtazama Makamu, akavuta pumzi ndefu.

"Sawa," alisema. "Sasa hivi. Ila sijui tutawaitaje, madarasa yote yamejaa."

Binamu alikuwa ameshatoka. Walimsikia akishuka ngazi mbili mbili, kisha wakamwona kupitia dirishani amesimama katikati ya uwanja, miguu imetanuka, viganja vimezunguka mdomo.

"GWARIDEEEEEE!"

Madirisha yalifunguka. Kichwa kimoja, vitatu, darasa zima. Mtu fulani wa kidato cha kwanza aliipokea sauti ile, akaipitisha kwa jirani, jirani akaipitisha bwenini, jiko likaitikia kwa mwiko, na kwa mara ya kwanza muhula ule hakuna aliyechelewa. Walijipanga haraka kuliko walivyowahi kujipanga kwa ajili ya wakaguzi. Binamu alichukua nafasi yake kwenye mstari, shati nje, kidevu juu.

Makamu alipanda jukwaani. Mkuu alisimama pembeni yake na kipande cha shaba mkononi. Shangazi alikataa kiti cha mbele alichopewa. Alikwenda kusimama nyuma kabisa, karibu na Kamishna na Redio, mkoba ukiwa umebanwa kwapani.

Makamu alikohoa. Akafungua kinywa, akasema jambo fulani kuelekea kwenye tai yake.

Shangazi aliinua mkono juu, kama mwanafunzi mwenye adabu.

"Paza sauti, Mwalimu," alisema. "Huku nyuma hatusikii."